Njia ya Njugu kwenye Theluji

Njugu, mbwa wangu mdogo, aliketi katikati ya njia, akainua mguu wa mbele wa kulia, akanitazama. Nilikuwa nimemtangulia hatua kumi hivi, na kwa kuwa nilitaka kufika juu ya kilima kabla jua halijashuka, nilimwita tu: "Haya mama, twende!" Hakuinuka. Nikarudi, nikapiga goti, nikavua glavu moja na kuushika ule mguu. Kati ya vidole vyake palikuwa na punje nne za barafu, ngumu kama kokoto, zimeng'ang'ania manyoya. Nilipopapasa kwapani nikakuta donge jingine, kubwa kama ndimu. Tumboni yalining'inia mengine madogo madogo, yamepangana kama shanga. Alikuwa amebeba yote hayo kwa muda gani? Sikujua, kwa sababu kwa nusu saa nzima sikuwa nimegeuka kumtazama.

Huo ulikuwa msimu wetu wa kwanza wa kutembea msituni kwa viatu vya theluji. Sasa tumo katika wa tano, na karibu kila ninachokijua kuhusu matembezi haya nimefundishwa na miguu ile minne. Nayaandika kwa ajili ya mwenye mbwa mdogo anayeitazama theluji ya kwanza dirishani huku akijiuliza kama aende naye. Aende naye. Ila kuna mambo natamani ningeambiwa mapema.

Njugu ni jike, ana kilo sita, na ukimpima kuanzia sakafuni hadi mabegani hafiki sentimita 30. Manyoya yake ni marefu, laini, rangi ya njugu zilizokaangwa, ndiko jina lilikotoka. Miguu yake mifupi ndiyo chanzo cha habari yote hii. Theluji ambayo kwangu inafika kifundoni, kwake inafika tumboni. Ikifika chini kidogo ya goti langu, kwake ni ukuta.

Kiatu cha theluji kazi yake ni kutandaza uzito. Theluji mpya iliyoanguka bila upepo huwa zaidi ya asilimia 90 ya ujazo wake ni hewa. Ukiikanyaga kwa buti peke yake unazama kama aliyekanyaga pamba. Vyangu vina urefu wa sentimita 64 na upana wa 20 hivi, yaani eneo kubwa mara nne au zaidi kuliko soli ya buti, kwa hiyo nazama kidogo tu kisha theluji inanishika. Ni maarifa ya kale sana. Mwaka 2003, juu ya barafu ya Gurgler Eisjoch mpakani mwa Italia na Austria, kwenye mita 3134, kiliokotwa kiatu cha theluji cha mti uliokunjwa duara na kufungwa kwa kamba. Kilipopimwa umri kilionekana kilitengenezwa kati ya mwaka 3800 na 3700 kabla ya Kristo. Mtu wa wakati huo alikuwa amekwisha kuelewa jambo hili kuhusu theluji, akalitengenezea jawabu kwa mikono yake. Kila nikifunga vyangu huwa namkumbuka.

Njugu hana jawabu hilo. Nilidhani wepesi wake ungemtosha, kwamba angetembea juu juu kama jani. Hilo hutokea baadaye kwenye msimu, jua na upepo vikishaifanya theluji iwe na ukoko juu: hapo yeye hukimbia juu ya ukoko wala haachi alama, na mimi ndiye ninayezama. Lakini mwanzoni mwa baridi ukoko mara nyingi haujawa bado. Theluji ni mbichi, laini, haijakaa. Mbwa mdogo akiingia humo haendi kwa kutembea. Anaruka, anazama, anajikusanya, anaruka tena, na kila mruko unamla nguvu. Ukimtazama kwa mbali unadhani anafurahi, na kwa dakika kumi za kwanza kweli anafurahi. Baada ya hapo ni kazi ngumu. Tatizo ni kwamba hatakwambia, kwa sababu anataka kuwa pale ulipo.

Ndipo nikaelewa kitu kilichobadilisha namna yangu ya kutembea: msituni, kwenye theluji ya kina, Njugu hana njia yoyote isipokuwa ile ninayomtengenezea kwa miguu yangu. Mimi ndiye njia yake.

Kabla ya hapo nilikuwa napiga hatua ndefu, nikijisikia vizuri jinsi viatu vinavyonibeba. Siku moja nilisimama, nikageuka, nikaziangalia nyayo zangu kwa urefu wa macho yake, yaani niliinama mpaka kidevu kikakaribia theluji. Niliona mashimo. Shimo, kisha tuta, kisha shimo jingine, na katikati ya mstari wa mguu wa kushoto na wa kulia palikuwa na tuta refu la theluji ambayo haikuguswa, kwa sababu mwenye viatu vya theluji hulazimika kutanua miguu kidogo asijikanyage. Kwangu ilikuwa njia. Kwake ilikuwa ngazi isiyokwisha.

Tangu siku hiyo napiga hatua fupi, kiatu kinachotangulia na kinachofuata vigusane, na mara kwa mara naukanyaga ule mgongo wa katikati. Mwendo unapungua karibu nusu. Mwanzo hilo lilinikera. Nilikuwa nimezoea kuhesabu kilomita, na sasa saa nzima nikawa naimalizia kwenye kipande ambacho peke yangu ningekivuka kwa nusu ya muda huo. Lakini Njugu alianza kutembea. Alitembea kweli, mkia juu, kichwa kikigeuka huku na huku kunusa, badala ya kuruka na kuhema. Nilipoona tofauti ile sikutamani tena mwendo wangu wa zamani.

Kuna zawadi nyingine katika hatua hizi fupi, nayo niliijua kwa bahati. Theluji iliyokanyagwa ikalala usiku kucha kwenye baridi huwa ngumu. Chembe zake, zikishasukumwa karibu karibu, hushikana zenyewe polepole mpaka njia inakuwa kama sakafu. Kwa hiyo njia ninayoitengeneza leo, inayomfanya Njugu ajikongoje, kesho asubuhi atapita juu yake mbio, ikiwa usiku haukuleta theluji mpya. Siku hizi naipanga mizunguko yetu hivyo. Siku ya kwanza baada ya theluji tunakwenda mwendo mfupi, ni siku ya kutengeneza. Siku ya pili ni yake.

Nirudi kwenye siku ile ya madonge, maana sikuisimulia mpaka mwisho.

Kosa la kwanza nililifanya nilipokuwa bado nimepiga goti. Nilijaribu kuling'oa donge la kwapani kwa kulivuta. Njugu alitoa kilio kifupi ambacho sijamsikia akikitoa tena tangu siku hiyo. Donge la namna hiyo halikai juu ya manyoya, limo ndani yake. Theluji laini inagusa manyoya, joto la mwili linaiyeyusha kidogo, unyevu ule unaganda na kukamata theluji nyingine, na hivyo hivyo tabaka juu ya tabaka, huku mzizi wake ukiwa karibu kabisa na ngozi. Ukivuta donge unavuta ngozi. Kinachofaa ni kulishika kiganjani likalainika, kisha kulivunjavunja kwa vidole kipande kwa kipande, ukianzia nje. Nilifanya hivyo kwa miguu yote minne. Ilinichukua karibu dakika ishirini, mkono wangu ukawa hauhisi kitu, nikawa naubadilisha na wa pili.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Baada ya kumsafisha nilisimama, nikatazama juu, nikaona kilele kiko karibu, nikaendelea kupanda. Sijui nilifikiri nini. Manyoya yaliyokwisha kulowa hukamata theluji haraka kuliko yaliyo makavu, na mbwa aliyekwisha kuketi dakika ishirini bila kutembea amekwisha kupoa. Mita mia mbili mbele alisimama tena. Safari hii hakuinua mguu. Alikunja mgongo, akaingiza mkia chini ya tumbo, akawa anatetemeka mwili mzima, wimbi baada ya wimbi.

Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni nyuzi 38.3 hadi 39.2 za Selsiasi, juu kidogo ya letu. Mwili mdogo una ngozi nyingi ukilinganisha na kilichomo ndani yake, kwa hiyo joto linamtoka haraka kuliko linavyomtoka mbwa mkubwa aliyesimama kando yake kwenye baridi ile ile. Na tumbo la Njugu, sehemu yenye manyoya machache kuliko zote, lilikuwa limesugua theluji tangu tulipoondoka maegesho.

Nilifungua zipu ya jaketi, nikamfuta kwa skafu yangu, nikamwingiza ndani juu ya sweta, nikafunga zipu mpaka shingoni kwake. Nikageuza. Jua lilikuwa limekwisha zama nyuma ya miti. Kushuka mteremko na viatu vya theluji huku umebeba kilo sita kifuani si jambo dogo: huoni miguu yako, na magongo yako hayana mkono wa kuyashika sawasawa kwa sababu mkono mmoja umeshikilia kilichomo kwenye jaketi. Nilikuwa na taa ya kichwani, nashukuru, na nyayo zetu wenyewe za kufuata. Nilihisi mtetemeko wake kwenye mbavu zangu. Nikawa nauhesabu, nikiomba upungue, kisha nikaogopa kwamba ukipungua huenda ikawa ni kwa sababu mbaya. Nikawa naita jina lake kila baada ya muda, naye kila mara alisogeza masikio chini ya kidevu changu.

Alipona vizuri. Nyumbani nilimkausha kwa taulo, nikamlaza chumba chenye joto, bila maji ya moto na bila kumweka karibu na hita, na baada ya saa moja alikuwa anadai chakula. Kesho yake nilimpeleka kwa daktari wa mifugo, akamkagua, akasema yuko salama. Kisha akanieleza kitu ambacho sikusahau: mbwa anayetetemeka bado anapigana na baridi. Wa kuogopewa ni yule ambaye mtetemeko umekoma na bado ni wa baridi, amezubaa, anayumba, haitikii akiitwa. Huyo anahitaji daktari pale pale.

Usiku ule niliketi na mkasi mdogo wenye ncha butu nikampunguza manyoya yaliyotokeza kati ya vidole, yale tu yaliyopita usawa wa nyayo. Ni kazi ya dakika kumi, nami nairudia kila baada ya wiki mbili tatu msimu wote. Nikiulizwa nichague jambo moja tu kati ya yote ninayofanya, nitachagua hilo. La pili ni nta. Kuna mafuta mazito ya nyayo yanayotengenezwa kwa nta ya nyuki, nayapaka chini ya miguu na katikati ya vidole kabla hatujatoka. Hayazuii madonge kabisa, ila yanayafanya yasishike sana, na nyayo hazipasuki.

Watu wananiuliza kama nyayo za mbwa haziingii ganzi kwa kukanyaga barafu tupu. Zimeumbwa kwa namna ya kustaajabisha. Watafiti wa Japani walieleza mwaka 2011 kwamba ndani ya nyayo za mbwa mishipa inayopeleka damu ya moto imepita bega kwa bega na ile inayorudisha damu iliyopoa, hivyo damu inayorudi inapashwa moto njiani kabla haijaingia mwilini. Kwa hiyo nyayo zenyewe zinastahimili mengi. Kinachomuumiza Njugu ni barafu inayomea kati ya vidole, na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Tukitoka msituni tunapita kipande cha lami, na nikifika nyumbani namwosha miguu kwa maji ya uvuguvugu kabla hajaanza kujiramba.

Viatu vya mbwa nilinunua, jozi mbili za miguu minne, na siku ya kwanza kimoja kilibaki kwenye theluji tusikione tena. Kwenye theluji ya kina vinavuka, hasa kwa mguu mdogo hivi. Kwenye njia ngumu na kwenye barafu vinafaa, basi huwa navibeba kwenye begi badala ya kumvisha tangu mwanzo. Koti ni habari nyingine. La kwanza lilimfunika mgongo tu, sehemu ambayo tayari ina manyoya ya kutosha. La sasa linapita chini ya kifua na tumbo, kitambaa chake ni laini kwa nje kiasi kwamba theluji inateleza, na lina tundu la kupitisha kamba ya mkanda wa kifuani. Mkanda ule wa kifuani nao umenisaidia mara nyingi kuliko nilivyotarajia: una mshiko juu ya mgongo, na akizama mahali naweza kumwinua kama kikapu bila kumnyonga shingo.

Jambo moja linalohusu meno. Chini ya kiatu cha theluji pana meno ya chuma ya kushika barafu, makali, na kila ukitembea yanapanda na kushuka karibu kabisa na mahali mbwa anapopenda kukaa, yaani kisiginoni mwako. Njugu alikuwa na mazoea ya kukanyaga mkia wa kiatu changu, mguu wake juu ya plastiki, nami nikiinua mguu nakwama. Nilianguka hivyo mara kadhaa, na mara moja nilianguka nyuma, upande wake, akaponea chupuchupu. Basi tukajifunza neno "nyuma". Nalisema kwa upole, nasimama, simwendei, nasubiri mpaka awe mbali kwa urefu wa gongo langu, ndipo naendelea na kumpa kipande cha biskuti yake. Ilichukua wiki tatu za kila siku. Mimi nami nikajifunza kutorudi kinyumenyume kamwe. Viatu hivi havirudi nyuma vizuri hata bila mbwa. Nikitaka kugeuka nazunguka duara pana, nikitazama alipo.

Sasa niseme kuhusu majira yenyewe, maana mwanzo wa baridi una hila zake. Mtu akiona msitu mweupe hudhani chini kumeganda. Mara nyingi bado. Theluji ni blanketi, na ikitandikwa mapema juu ya ardhi ambayo haijaganda, inaihifadhi joto lake. Chini ya sentimita 20 za theluji unaweza kukuta tope laini kama la masika. Kisiki, jiwe, tawi lililoanguka, vyote vimefunikwa lakini havijazikwa, na ncha ya kiatu inaweza kuingia chini ya mzizi ukadhani umeshikwa na mkono. Katikati ya msimu theluji ikishakuwa ya mita moja vitu hivyo huwa chini sana visikusumbue. Mwanzoni viko usawa wa kifundo chako, na usawa wa kifua cha Njugu.

Msimu wa pili tulipita mahali ambapo miti ilikuwa imeachana, uwanja mweupe, sawa kabisa, hauna hata unyayo wa ndege. Ulinivutia. Njugu alikuwa nyuma yangu. Nilipiga hatua nne tano, nikasikia kama mtu anayepumua chini ya miguu, kisha maji meusi yakaanza kupanda taratibu pembeni mwa kiatu cha kushoto, yakiinywesha theluji mpaka ikawa ya kijivu. Kilikuwa kinamasi. Maji usiyoyafika hujui kina chake, na hapo sikuwa nimejua hata kama ni maji. Sikuzama zaidi ya kifundo, ila kiatu kilichokwisha kulowa, kikirudi kwenye theluji kavu, kinakusanya theluji na kuganda mpaka kinakuwa kizito kama tofali. Nilimwambia Njugu "kaa", akakaa, nikazunguka duara langu nikarudi juu ya alama zangu mwenyewe.

Wahenga wangeniambia hayo kwa maneno machache, lakini ningeyapuuza. Tangu hapo uwanja wowote ulio sawa kupita kiasi nauzunguka pembeni, penye miti. Na bwawa sivuki kabisa mwanzo wa msimu. Kipimo kinachotajwa sana kwa mtu anayetembea kwa miguu ni barafu safi, ngumu, yenye unene wa sentimita 10 angalau, na hiyo haipatikani kwa baridi ya siku chache. Tena theluji ikilala juu ya barafu inaizuia isinenepe. Mbwa wa kilo sita anaweza kupita mahali ambapo mimi nitavunja, naye akiona kitu upande wa pili atakwenda bila kuuliza. Ndiyo maana karibu na maji Njugu huwa kwenye kamba. Kwenye kamba pia anakuwa pale ambapo majira hayo ni ya uwindaji, na hapo sote wawili tunavaa rangi ya chungwa inayowaka. Mbwa mdogo wa rangi ya kahawia anayerukaruka kwenye kichaka, kwa mbali, anaweza kudhaniwa kitu kingine.

Na siku ni fupi. Kaskazini mwa dunia siku iliyo fupi kuliko zote ni tarehe 21 au 22 Desemba, na msituni giza huingia mapema kuliko uwanjani. Nimejiwekea utaratibu ambao siuvunji: tukitumia saa moja kwenda, nahesabu saa moja na nusu za kurudi, na saa kumi jioni tuwe tumekwisha kuiona maegesho. Simu naiweka mfuko wa ndani karibu na mwili, kwa sababu betri kwenye baridi hupungua nguvu ghafla. Maji ya Njugu nayabeba ya uvuguvugu kwenye chupa ya chai. Theluji anayoila njiani inampoza bila kumnywesha vya kutosha, basi kila tunaposimama namimina kidogo kwenye kifuniko, naye anakunywa huku mvuke ukipanda kwenye ndevu zake.

Pamoja na tahadhari zote hizo, sababu ya kwenda ni nyingine kabisa.

Kuna asubuhi baada ya theluji kuanguka ambapo msitu unanyamaza kwa namna isiyopatikana majira mengine. Hewa iliyofungwa ndani ya theluji laini inameza sauti. Nikisimama, hata pumzi za Njugu nazisikia. Kisha yeye ghafla anasimamisha masikio, anainamisha kichwa upande, anatumbukiza pua mpaka machoni kwenye theluji, anatulia hivyo. Zamani nilidhani anacheza. Chini ya theluji, pale inapokutana na ardhi, huwa pana uwazi mdogo ambamo panya wanaishi msimu mzima, wana njia zao, wana viota vyao vya nyasi, wamehifadhiwa na blanketi lile lile ninalolilaumu kwa vinamasi. Njugu anawasikia na kuwanusa. Mimi naona weupe mtupu, yeye anasimama juu ya mji. Simharakishi tena akiwa hivyo. Namwacha dakika mbili, tatu, mpaka ainue uso wake uliojaa theluji na kupiga chafya.

Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma nyayo pia, maana huzigundua kabla yangu. Sungura anaacha alama inayodanganya: miguu miwili mikubwa iliyo mbele ni ile ya nyuma, kwa kuwa akiruka huivusha mbele ya ile ya kwanza. Mbweha anapita mstari ulionyooka kama mtu aliyechora kwa rula. Mwaka mmoja theluji ilichelewa, ardhi bado ya kahawia, nikamwona sungura mweupe pepe ameketi chini ya msonobari, anaonekana kutoka mbali kama karatasi iliyodondoshwa. Sungura hao wa nchi za baridi hubadili rangi kwa kufuata urefu wa mchana, hawasubiri theluji. Alikuwa amevaa kwa wakati wake, theluji ndiyo haikufika. Aliketi bila kutikisika akiamini amejificha. Niliifupisha kamba ya Njugu, tukapita mbali naye, na nilijisikia huzuni siku nzima.

Juzi tulitoka tena, theluji ya kwanza ya maana mwaka huu, sentimita 25 hivi. Nilimkata manyoya ya vidole usiku, nikampaka nta asubuhi, nikamvisha koti. Tulikwenda mwendo wa dakika arobaini tu mpaka penye mti mkubwa ulioanguka, nikageuza. Usiku kukawa na baridi kali, anga safi.

Jana nilimfungua kamba mwanzoni mwa njia. Ilikuwa imekuwa ngumu, pana, imelala chini kama mfereji mweupe kati ya miti, na Njugu aliondoka mbio, akapotea kwenye kona, akarudi mbio kuniangalia, akaondoka tena. Kucha zake zilisikika juu ya theluji. Nilimkuta kwenye ule mti ulioanguka, mahali nilipogeuzia juzi, ambapo njia iliishia kwenye ukingo wa theluji isiyoguswa inayomfika kifuani. Alikuwa amesimama pale ukingoni, mguu mmoja wa mbele juu, ananitazama. Nikapiga goti, nikavua glavu, nikaushika ule mguu, nikapitisha kidole kati ya vidole vyake kimoja kimoja. Palikuwa pakavu. Nikavaa glavu, nikampita, nikauzunguka mti, nikaanza kukanyaga, kiatu baada ya kiatu, vikigusana.